Tathmini ya Huduma ya Mchoraji wa Dhana katika Tamthilia Yetu

Kwa wiki sita tulimwajiri mchoraji wa dhana wa kujitegemea, yaani msanii anayechora mwonekano wa mandhari na mavazi kabla havijatengenezwa, kwa ajili ya tamthilia ya televisheni ya vipindi 8, ambayo sehemu yake kubwa inatokea katika jumba la kifalme lililomezwa na maji. Ninaandika nikiwa mtayarishaji, na ninaandika kwa sababu wengi katika fani yetu bado hudhani kwamba mtu huyu huitwa ili kupamba pendekezo la mradi kwa picha za kuvutia.

Hakuanza na rangi. Baada ya kusoma muswada na kuketi na mwongozaji pamoja na mbunifu wa mandhari, alituletea michoro midogo 24 ya kijivu, kila mmoja wa ukubwa wa kiganja, akatuomba tuchague mpangilio wa mwanga kabla ya kuzungumzia nguzo, mapazia au kutu. Alitaka kujua mwanga unaingilia wapi ilhali madirisha yote yamezama, nasi, kwa kukosa jibu, tukaandika upya onyesho zima ili paa liwe limebomoka. Swali la mchoraji kugeuza hadithi si jambo geni: Ralph McQuarrie, aliyeajiriwa na George Lucas mwaka 1975 kuchora maonyesho ya filamu yake ya Star Wars, ndiye aliyependekeza mhusika mwovu Darth Vader avae kinyago cha kupumulia, kwa kuwa alipaswa kupita katika anga la juu lisilo na hewa.

Kisha alijenga umbo sahili la jumba hilo katika Blender, programu ya kompyuta ya kuunda maumbo ya pande tatu, na kuweka humo lenzi ileile aliyokusudia kuitumia mpiga picha wetu mkuu. Hapo ikadhihirika kwamba kati ya kuta nne tulizopanga kujenga, kamera ingeziona mbili tu. Kwangu mimi, ugunduzi huo peke yake ulilipia kazi yote.

Upande wa maleba haukuniridhisha. Joho la malkia lilichorwa kwa mbele tu, kwa uzuri usiomsaidia fundi aliyepaswa kulishona, na ilitubidi tuombe mara mbili michoro ya mgongo na ubavu yenye maelezo ya kitambaa na vifungo. Aidha, katika picha mbili aliunganisha vipande vya picha za kamera, mbinu inayokubalika na inayookoa muda, lakini hakuweza kuonyesha kibali cha kuvitumia. Tulizikataa, naye akazichora upya bila malipo ya ziada.

Tumemwomba arudi kwa msimu wa pili. Safari hii mkataba unataja idadi ya masahihisho, umiliki wa michoro, asili ya kila picha iliyounganishwa, na kwamba kila vazi litachorwa pande zote kabla kitambaa hakijanunuliwa.