Kitabu cha bluu cha Murphy kwa anayeandika ripoti za ajali

Nafanya kazi dawati la madai katika kampuni ya bima, Dar es Salaam. Mteja anatusimulia ajali kwa Kiswahili, sisi tunaiandika kwa Kiingereza, maana faili likipanda kwa mawakili au kwa kampuni za nje zinazotuwekea bima sisi wenyewe, linasomwa kwa Kiingereza tu. Kijana mpya akiletwa kwetu, kitabu cha kwanza ninachompa ni English Grammar in Use cha Raymond Murphy, toleo la tano la mwaka 2019, lile lenye majibu nyuma. Kilitoka mara ya kwanza 1985 na Cambridge wanakichapa mpaka leo. Kina sura 145, ila hapa nitakipima zaidi kwa sura moja, ya 15, ile ya “past perfect”, yaani wakati wa “had” kama “had fallen”, kwa kuwa kwenye kazi yetu ndiyo yenye pesa ndani yake.

Tazama sentensi hizi mbili. “When the lorry braked, the rider fell.” Na hii: “When the lorry braked, the rider had fallen.” Ya kwanza inasema lori lilifunga breki, wa bodaboda akaanguka, na anayesoma faili ataanza kuuliza kwa nini dereva alifunga breki ghafla. Ya pili inasema wa bodaboda alikuwa ameshaanguka barabarani kabla, kwa hiyo huenda dereva alifunga breki ili asimkanyage. Lori ni lilelile, barabara ni ileile, lawama imehama upande. Anayeandika bila kujua tofauti hiyo anaweza kumponza mtu ambaye hajakosa.

Murphy analifundisha jambo hili vizuri kuliko nilivyofundishwa sekondari. Kila sura ni kurasa mbili zinazotazamana, maelezo kushoto na mazoezi kulia. Sura ya 15 inaanza na sherehe: Paul anaondoka saa nne na nusu usiku, Sarah anafika saa tano. Sarah alipofika, Paul alikuwa ameenda zake nyumbani. Unasimamishwa pale mlangoni na Sarah, saa tano, ndipo unageuzwa kutazama kilichotangulia. Shuleni tuliambiwa tu kwamba huu ni wakati wa tendo lililotangulia jingine, na wengi wetu tukatoka tunaamini kila kilichotangulia lazima kipewe “had”. Siyo hivyo. Ukisimulia mambo kwa mpangilio yalivyotokea, wakati uliopita wa kawaida unakufikisha mwisho bila shida: “He parked the car, locked it and went into the shop.” Hiyo “had” inadaiwa pale unapokuwa umefika mahali kwenye masimulizi, kisha unarudi nyuma. Na mara nyingi ukiwa umetumia “after” au “before”, neno hilo limeshapanga matukio, kwa hiyo “had” inabaki hiari yako.

Nilichokikosa kwenye kitabu kinatokana na kuandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa dunia nzima. Hakijui sisi tunaanzia wapi. Mteja wangu hasemi “nilipofika, yule kijana alikuwa ameanguka”. Anasema, “Nikashuka, nikakuta yule kijana ameshaanguka.” Kwa Kiswahili hiyo -me- imetosha kabisa, kwa sababu “nikakuta” imeshatuweka kwenye wakati uliopita. Mwandishi aliyezoea kwamba -me- ni “has” anaandika “I found that he has fallen”, na Kiingereza kinagoma: “found” imepita, basi kilichoitangulia kinataka “had fallen”. Kosa hili naliona kwenye ripoti za watu wenye shahada, watu wanaoongea Kiingereza kizuri mezani. Kwenye pambizo la sura ya 15 ya nakala ya ofisini nimeandika kwa penseli: nikakuta ame-, nikaona ame-, nikaambiwa ame-, zote “had”. Chini yake nimeandika kwamba mlolongo wa -ka- hauhitaji “had” hata moja. Akakata kona, akagonga nguzo, akakimbia: “He turned, hit a post and ran away.” Kijana akiyashika hayo mawili, nusu ya masahihisho yangu yanaisha.

Jambo la pili ni mazoezi. Ni mengi, na moja wapo linachanganya nyakati zote mbili ili uchague, hilo nalipenda sana. Ila ni sentensi mojamoja au habari fupi fupi, wakati ripoti ni ukurasa mzima. Kitabu hakikuzoeshi kuweka “had” ya kwanza ili msomaji ajue umerudi nyuma, halafu uendelee kwa wakati wa kawaida asichoke. Hilo nawafundisha mwenyewe, kwa kuwapa maelezo ya mteja kwa Kiswahili na kuwaambia waandike aya nzima.

Sura za usemi wa taarifa ni muhimu kwa yeyote anayeandika maelezo ya mashahidi, zisomwe mara baada ya ya 15. Sura ya “if I had known” isomwe siku nyingine, maana “had” ya pale inaeleza jambo ambalo halikutokea, na ukizisoma pamoja zinagongana kichwani. Jedwali la vitenzi vyenye kubadilika ovyo liko nyuma, lina “fall, fell, fallen” na wenzake wote.

Nakala mpya ni ghali kwa mwanafunzi. Kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta matoleo ya zamani huwa yanapatikana, na kwa somo hili yanafaa vilevile. Fungua kwanza kurasa za mwisho uone kama majibu yapo, kwa kuwa kuna toleo lisilo na majibu na anayejisomea peke yake halimfai. Angalia pia kama mwenye nacho wa kwanza hajajaza mazoezi kwa kalamu. Anayeanza Kiingereza kabisa aache hiki cha bluu, atafute chekundu cha Murphy huyohuyo, Essential Grammar in Use.