Uzoefu wangu: kuwekewa BCG kibofuni hapa Malindi

Duru ya kwanza imekwisha: dozi 6, moja kila wiki, katika kituo kimoja cha binafsi hapa mjini. Naipa huduma nyota 3 kati ya 5. Dawa yenyewe sina neno nayo. Ni vijidudu hai vilivyodhoofishwa, jamii moja na chanjo ya kifua kikuu ya watoto wachanga, na hutumika kwa saratani ya kibofu tangu daktari Morales wa Kanada achapishe matokeo yake mwaka 1976. Kasoro zote ziko kwenye namna ya kumfikishia mgonjwa.

Kwa baridi, wanajua kazi. Kichupa kinataka nyuzi 2 hadi 8, mbali na mwanga, na kutoka Mombasa ni kama kilomita 120 za joto. Kililetwa katika sanduku la barafu lenye kipimajoto ndani. Muulizeni muuguzi awaonyeshe kile kipimajoto, maana vijidudu vikifa njiani, kwa macho huvitambui.

Kwenye kuchanganya ndipo wanapoharibu. Dawa huyeyushwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, jumla mililita 50, na aina tuliyopewa iwe imeingia mwilini ndani ya saa mbili. Wao huchanganya asubuhi kabla hujafika, kisha foleni inakula muda. Ombeni kichupa kifunguliwe mbele yenu, mpira wa mkojo ukishaingia.

Huo mpira uliwekwa kwa upole: kibofu kikamwagwa chote, jeli kidogo tu kwani nyingi huweza kudhuru vijidudu, na dawa ikaachwa iteremke kwa uzito wake bila kusukumwa. Siku mpira ulipotoa damu waliahirisha wiki nzima. Watu walinung'unika, lakini ndivyo inavyotakiwa. BCG ikipenya kwenye damu huleta maambukizi ya mwili mzima. Mwenye homa au mkojo wenye maambukizi naye huahirishwa.

Dawa ikae saa mbili. Kwa hiyo saa nne kabla, hakuna maji, chai wala dafu, la sivyo kibofu kinajaa na dawa inazimuliwa. Kituo hakina kitanda cha kungojea. Mpira ukitolewa, mgonjwa anapandishwa tuktuk, dawa ikiwa bado kibofuni, na barabara yetu mwaijua. Aliyekojoa baada ya nusu saa hakuna anayemuuliza wala kuandika. Wa kutoka Lamu, basi na boti mbele yake, sijui wanamfikiria vipi.

Maelezo ya choo yalikuwa ya nyumba yenye choo cha kukalia: kaa, kojoa, mimina Jik kiasi sawa na mkojo, ngoja dakika 15, flashi, kwa saa 6 za mwanzo. Mwenye choo cha shimo atumie ndoo yenye kifuniko, afanye vivyo hivyo, ndipo amwage. Saa mbili zikishapita, kunywa maji kwa wingi. Kondomu kwa wiki nzima.

Homa ndiyo hatari ya huku kwetu. Ya siku moja ni kawaida. Ikizidi nyuzi 38.5 na kupita siku nzima, au ukitetemeka, usikimbilie dawa za malaria za dukani. Rudi, na useme "nimewekewa BCG", kwa sababu huenda ukahitaji dawa za kifua kikuu.

Na kabla hata ya dozi ya kwanza, dai karatasi ya maabara. Pwani mkojo wa damu huitwa kichocho, mtu akameza tembe akatulia. Kichocho cha miaka mingi chenyewe huzaa saratani ya aina nyingine, ambayo BCG haiitibu. Na hata ile inayotibika, ikishaingia kwenye msuli wa kibofu, BCG pekee haitoshi. Karatasi itaje aina ya saratani na kina ilichofikia.

Ratiba ya kuendeleza hawakutoa hadi nilipoidai: ukihesabu tangu dozi ya kwanza, dozi 3 za kila wiki katika mwezi wa 3, wa 6, wa 12, kisha kila miezi 6 hadi wa 36. Kamera ya kibofu hupitishwa kwanza mwezi wa 3.