Mashine ya kupimia presha nyumbani, kwa mzazi asiyetaka kwenda hospitali

Baba yangu ana miaka 74. Kwa muda mrefu alikuwa karani wa mizani katika shamba la mkonge wilayani Muheza, na tangu alipostaafu hakuwahi kukubali kwa hiari yake kukanyaga hospitali. Alipoanza kuumwa kichwa asubuhi na kushika ukuta kila anapoinuka, alisema kwamba uzee si ugonjwa na kwamba wenzake waliokwenda kupimwa ndio waliotangulia kuzikwa. Nilimtuma shangazi, kisha imamu wa msikiti wake. Wote wawili walikunywa chai, wakazungumza habari za mvua na kuaga. Ndipo nilipoamua kununua mashine ya presha, na maelezo haya ni ya miezi saba ya kuitumia.

Nianze na kosa langu. Muuzaji wa duka la kwanza alinihakikishia kwamba mashine zote ni sawa, akaniuzia ile ndogo inayofungwa kwenye kifundo cha mkono. Mashine ya aina hiyo inataka mkono uwe usawa wa moyo, ilhali Baba aliuweka juu ya goti kama anavyokaa siku zote, na mkono ukiwa chini ya moyo namba hupanda isivyo halali. Majibu matatu ya jioni moja yalipishana kiasi kwamba mzee aliisukuma kando na kuuliza nimelipa kiasi gani. Duka lilikataa kuipokea.

Ya pili ni ya kufungwa juu ya kiwiko, na hiyo ndiyo ninayoipendekeza. Ina kitufe kimoja kikubwa, inatumia betri nne za kawaida, na tarakimu zake zinasomeka bila miwani. Kabla ya kununua, mpime mzazi mzunguko wa mkono kwa futi ya fundi cherehani, kisha usome vipimo vilivyoandikwa kwenye mkanda. Mkanda wetu ni wa sentimita 22 hadi 42, nao unamfaa Baba mwenye 25 na shangazi mwenye 37. Mkanda ulio mdogo kwa mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Kasoro iliyotuudhi ni sauti: mashine hutangaza majibu kwa Kiingereza, tena kwa nguvu, na siku ya kwanza jirani aliyekuwa barazani alijibu “pole, mzee” kabla sijapata kitufe cha kuizima.

Faida yake kubwa sikuitarajia, wala haimo kwenye kikaratasi cha maelekezo. Nilimwomba Baba apumzike dakika tano, miguu ikiwa chini na mgongo umeegemea, kisha tupime mara mbili kwa kuachanisha dakika moja, asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya chakula. Maelekezo hayo hayakumkera hata kidogo, kwa sababu mizani nayo, alisema, haisomwi kabla haijatulia. Alitafuta daftari, akapiga mistari kwa rula, akaandika tarehe, saa, namba ya juu, namba ya chini na mapigo. Kisha akaijaribu mashine kama alivyokuwa akijaribu mizani kwa jiwe la kilo: alinipima mimi, akampima shangazi, akampima kijana wa dukani. Mimi nilitoka na 118 kwa 76.

Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 au zaidi huhesabiwa kuwa presha ya juu. Kwa siku tisa namba ya juu ya Baba haikushuka chini ya 160, na katika siku hizo sikutaja neno daktari hata mara moja. Siku ya kumi nilipomwamkia aliitikia marahaba, kisha akasema: “Mizani ingekuwa mbovu, ingekuwa mbovu kwa wote. Nipeleke nikaonyeshe hili daftari.” Hakusema anakwenda kutibiwa, nami sikumsahihisha. Katika kituo cha afya tulipita dirisha la wazee, na tabibu alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa kabla ya kumpima upya, kuangalia sukari na mkojo na kumwandikia amlodipini, vidonge vya kushusha presha.

Sharti nisisitize kwamba mashine hii haitibu, na haifai kuwa kisingizio cha kungoja. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika au kifua kikibana, mgonjwa apelekwe hospitali papo hapo bila kutafuta mkanda. Vivyo hivyo namba zikifika 180 kwa 120 pamoja na dalili kama hizo. Aidha, kwa mtu ambaye moyo wake hupiga bila mpangilio, mashine za aina hii hukosea kwa urahisi zaidi, hivyo majibu yake yalinganishwe na ya kliniki.

Lipo pia tatizo ambalo mashine yenyewe ililizaa. Mwezi wa tatu namba zilifika 128, Baba akatangaza kwamba mzigo umetimia na kuacha vidonge bila kuniambia. Nilipogundua, nilimpigia simu tabibu, naye akamweleza kwamba namba imeshuka kwa sababu ya kidonge. Mzee hakusema kitu. Alifungua daftari, akaziangalia siku nne alizokaa bila dawa, ambazo zilikuwa zimepanda taratibu hadi 158, akazipigia mstari mwekundu. Siku hizi nikienda kumtembelea nakuta kidonge cha asubuhi kimewekwa juu ya daftari, kando ya mashine ambayo sauti yake bado hairuhusiwi kusikika.