Kubadili madirisha Dar es Salaam: kioo gani kinapunguza joto kweli, na kazi ya fundi ikaguliwe wapi (uzoefu wangu)

Nyumba ni ya tofali za saruji, bati juu, Dar es Salaam. Madirisha ni 9, mengi ya futi 5 kwa 5. Yaliyotolewa yalikuwa ya mbao yenye vioo vya luva. Yaliyoingia ni ya aluminiamu: 6 ya kusukuma, 3 ya bawaba, na vioo vya aina nne. Yameshapitiwa na masika mbili na kaskazi mbili, kwa hiyo ninayoyaandika yameonja mvua na jua.

Naanza na kioo, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotea bila faida. Muuzaji atakutajia rangi na unene. Muulize na jambo la tatu: joto la jua linalopita ni kiasi gani? Kwenye karatasi ya kiwandani huandikwa SHGC au herufi g, namba kati ya 0 na 1. Kioo cheupe, yaani kisicho na rangi, kiko karibu 0.84: jua likigonga kwa wati 100, wati 84 zinaishia ndani. Kioo cha tinti cha milimita 6 kiko karibu 0.6. Kioo cha kuakisi huwa mara nyingi kati ya 0.4 na 0.55, kutegemea utando wake, yaani ule uliopakwa juu ya kioo ili kurudisha jua.

Fanya hesabu. Dirisha la futi 5 kwa 5, ukitoa fremu, linabaki na kioo cha kama mita 2 za mraba. Jua la saa kumi jioni likipiga ukuta wa magharibi kwa wati 500 kila mita ya mraba, kioo cheupe kinaingiza wati 840, tinti 600, cha kuakisi chenye 0.45 kinaingiza 450. Kiyoyozi cha BTU 9,000 kina uwezo wa kutoa joto la kama wati 2,640. Chumba chenye madirisha mawili ya kioo cheupe upande wa magharibi kinakula zaidi ya nusu ya uwezo huo kabla hujahesabu paa, watu na taa.

Sasa linganisha na kioo cha tabaka mbili (vioo viwili vyenye nafasi iliyofungwa katikati) ambacho wauzaji wanakisifia sana. Namba yake ni U, kasi ya joto kupita kwa sababu nje kuna joto kuliko ndani: wati ngapi kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Kioo kimoja kina karibu 5.7, tabaka mbili za kawaida karibu 2.8. Nje nyuzi 32, ndani 24: kwenye mita zile zile 2 za mraba, kioo kimoja kinapitisha wati 91 na tabaka mbili 45. Umeokoa wati 46. Tofauti ya nyuzi kwetu pwani ni ndogo, ndiyo maana faida ni ndogo. Tabaka mbili zenye vioo vyeupe bado zinapitisha jua kwa zaidi ya 0.7, kwa hiyo ukiziweka magharibi umelipa mara mbili na chumba bado kinachemka. Njombe au Makete, ambako Juni na Julai baridi inafika kwenye sakitu, hesabu inageuka na U ndiyo ya kuangaliwa. Dar, angalia jua kwanza.

Upande wa magharibi niliweka kioo cha kuakisi, milimita 6. Kinafanya kazi. Kasoro yake ni ya usiku: taa ikiwaka ndani, wa nje ndiye anayekuona, kwa hiyo pazia halikwepeki. Hakikisha utando ni ule mgumu uliochomwa kwenye kioo kingali moto kiwandani. Utando laini, ambao vioo vingi vilivyoandikwa Low-E (vyenye utando wa kupunguza joto kupita) vinao, lazima ufungiwe ndani ya tabaka mbili. Ukiachwa kwenye hewa yetu ya chumvi unaharibika.

Mashariki niliweka tinti ya rangi ya kijani, si ya shaba. Watu wengi huchagua shaba kwa mazoea, lakini kwa milimita 6 vyote viwili vinaingiza joto karibu sawa, 0.6, wakati mwanga unaopita kwenye shaba ni kama nusu na kwenye kijani ni kama robo tatu. Ukichukua shaba utawasha taa mchana kwa joto lile lile.

Kioo cha tinti kinafanya kazi kwa kunyonya joto, nacho kinachemka. Sehemu ikiwa juani na sehemu ikiwa kwenye kivuli cha nguzo au grili, katikati kunatanuka na ukingo unabaki nyuma, basi kinapasuka. Ufa wa joto unatambulika: huanzia ukingoni, unaingia umenyooka kwa pembe mraba, ndipo unapinda. Chanzo mara nyingi ni ukingo uliomegekamegeka wakati wa kukata. Pitisha macho kwenye kila ukingo kabla kioo hakijaingia kwenye fremu, na mwambie fundi aupige msasa. Wala usibandike stika ya tinti juu ya kioo ambacho tayari kina rangi, kwa maana unakiongezea joto hilo hilo.

Kaskazini na kusini nimeacha kioo cheupe, na sijutii hata kidogo. Dar iko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri mwezi wa Juni liko kaskazini kwa kimo cha nyuzi 60. Desemba liko kusini kwa nyuzi 73. Ukingo wa paa uliotoka sentimita 90, usawa wa juu ya dirisha, unalifunika dirisha la mita 1.5 lote adhuhuri ya Juni. Upande wa kusini nusu ya hapo inatosha. Hakuna kioo kinachoshinda kivuli cha nje. Mashariki na magharibi jua liko chini, linapita chini ya paa, na huko ndiko kioo kinapostahili pesa. Kama bajeti ni ya kitu kimoja, magharibi itangulie.

Jambo lililoniuma ni upepo. Luva ikifunguliwa, dirisha karibu lote ni wazi. Dirisha la kusukuma la vipande viwili linafungua nusu tu, na wavu wa mbu unapunguza tena. Desemba hadi Machi, joto linapokuwa kali, upepo wetu ni kaskazi na unatoka kaskazini mashariki. Kuziba nusu ya dirisha la upande huo ni kujinunulia feni. Madirisha yangu 3 ya bawaba yako huko na yanafunguka yote. Sharti lake: yanafunguka nje, kwa hiyo grili lazima iwe ndani, na iwe na nafasi ya mkono kufikia komeo. Kama grili ya nje imeshachomelewa na huitoi, agiza dirisha la kusukuma lenye reli tatu na vipande vitatu vya kioo. Linafungua theluthi mbili. Wavu ufungwe nje ya vioo, kwenye fremu yake inayotoka kwa ajili ya kuoshwa.

Fremu karibu na bahari ni suala la chumvi. Rangi ya unga iliyookwa isipungue maikroni 60, na screw ziwe za chuma cha pua, daraja la 316. Fundi wangu wa kwanza alileta screw za kawaida zilizopakwa zinki. Chuma na aluminiamu vikikutana kwenye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na unga mweupe ukaanza kuonekana kwenye matundu. Zote zilitolewa. Plasta mbichi nayo inaunguza aluminiamu, kwa hiyo ile karatasi ya kinga iliyobandikwa kwenye fremu ibaki hadi lipu ikauke, kisha itolewe mara moja. Ikiachwa juani miezi inagandamana na rangi.

Vipimo: upana upimwe juu, katikati na chini, urefu sehemu tatu, na pembe kwa pembe mara mbili. Chukua upana mdogo kuliko zote na urefu mdogo kuliko zote, kila kimoja punguza milimita 10, ndiyo fremu yako. Nafasi ya milimita 5 kila upande ni ya silikoni. Screw ya kwanza sentimita 15 kutoka pembeni, zinazofuata kila sentimita 40 hadi 60. Silikoni inayonuka siki usiikubali: haishiki vizuri kwenye saruji, na inakula kingo za kioo cha tabaka mbili. Dai ile isiyo na asidi. Kioo kikae juu ya vipande vya raba, kisiguse aluminiamu.

Tabaka mbili niliweka chumba kimoja tu, kinachotazama barabara na kinacholala na kiyoyozi. Kelele imepungua, na kioo hakitoki jasho upande wa nje kama ilivyokuwa kwa kioo kimoja usiku wa kiyoyozi. Tatizo ni uzito. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene katika mita ya mraba. Kipande cha kusukuma cha mita 0.75 kwa 1.5 chenye milimita 5 ni kilo 14. Kikiwa cha tabaka mbili ni 28. Magurudumu ya plastiki yalisagika ndani ya miezi michache. Agiza ya chuma cha pua, na mwambie fundi uzito kwa namba.

Kuhusu matundu ya kutolea maji kwenye reli ya chini, dirisha langu moja lilikuja bila hata moja, na mvua ya kwanza ya masika ikajaza reli na kumwagika ndani. Yawe mawili au zaidi, yakitazama nje, na kizingiti cha saruji kiinamie nje. Kwenye tabaka mbili ni muhimu zaidi, maana ukingo ukikaa majini gundi inaachia na ukungu unaingia katikati ya vioo. Ukishaingia haufutiki, kioo kinabadilishwa.

Kabla ya malipo ya mwisho, chukua ndoo ya lita 20 na umwagie kila dirisha kutoka nje, juu kwenda chini, taratibu, huku mtu mwingine akiwa ndani na kitambaa kikavu kwenye pembe za chini. Maji yabaki kwenye reli, yatoke nje yenyewe ndani ya dakika moja au mbili. Dirisha langu lisilo na matundu lingekamatwa hapo hapo.