Uzoefu wangu: kuandaa kozi ya masafa ya uandishi wa programu kwa Moodle na CodeRunner

Nilipokabidhiwa kuandaa kozi ya masafa ya utangulizi wa uandishi wa programu kwa lugha ya Python, niliuchagua Moodle, mfumo huria wa kuendeshea kozi mtandaoni uliopo tangu mwaka 2002, hasa kwa sababu ya programu-jalizi yake iitwayo CodeRunner, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand. Kupakia maandishi na video ni kazi ambayo karibu kila mfumo unaiweza. Tatizo la kozi ya namna hii ni mwanafunzi anayekwama usiku wa manane, wakati ambapo hakuna mkufunzi wa kumtazamia msimbo wake, yaani maandishi ya programu yake.

CodeRunner huiendesha programu ya mwanafunzi kwa majaribio aliyoyaandika mkufunzi, kisha humwonyesha jedwali lenye jibu lililotarajiwa kando ya jibu alilolipata. Katika swali la kutafuta wastani wa orodha ya namba, kwa mfano, jaribio la orodha tupu humfichulia mara moja aliyesahau kwamba haiwezekani kugawanya kwa sifuri. Mfumo unaruhusu jaribio kama hilo lifichwe, lakini katika mazoezi mimi huliacha wazi, kwa kuwa aliye mbali akiambiwa tu kwamba amekosea hana pa kuanzia. Vilevile nimeondoa adhabu ya asilimia 10, 20 na kuendelea, ambayo huwa imewekwa tangu awali kwa kila jibu lisilo sahihi. Hiyo naiachia mitihani.

Ulinganishaji wa kawaida ni mkali: aliyechapisha «wastani» mahali pa «Wastani» hukosa alama, hata kama hesabu yake ni sahihi. Upo ulinganishaji mlegevu zaidi, ila naona ni bora kumtaka mwanafunzi aandike funksheni (kipande cha programu chenye jina) inayorudisha thamani, si kuchapisha sentensi.

Msimbo huendeshwa na Jobe, programu ya pembeni ambayo CodeRunner huitumia kwa kazi hiyo na ambayo inafaa kuwekwa kwenye seva ya peke yake, na kitanzi kisichokoma (sehemu ya programu inayojirudia bila mwisho) hukatizwa muda wake ukiisha. Asiye na mtu anayeujua vizuri mfumo endeshi wa Linux atahangaika hapa, kwani seva ya Canterbury inayokuja na mipangilio ya awali ni ya kujaribia tu.

Majaribio hayatambui majina mabovu ya vigeu (majina yanayotunza thamani katika programu) wala msimbo uliorudiwarudiwa bila sababu. Kwa hiyo miradi ya mwisho naisoma mwenyewe, na saa zinazookolewa na CodeRunner katika mazoezi ndizo zinazoniwezesha kuisoma.