Mafunzo ya kaboni ya udongo Misungwi: shambani nyota tano, kwenye pesa nyota mbili

Wakuu, naona watu wengi wanaulizia haya mafunzo ya kuhifadhi kaboni kwenye udongo yanayotolewa huku Misungwi, Mwanza, nimeona niandike maana nimeyasoma na nimeyafanyia kazi shambani kwangu zaidi ya msimu mmoja. Jina la taasisi silitaji kwa sababu huko chini nina malalamiko mazito kidogo.

Nianze na kizuri, na ni kikubwa kweli. Darasa lenyewe lilifanyika shimoni. Bibi shamba alichimbisha shimo kwenye luseni, huu udongo wetu wa kichanga, tukahamia mbugani kwenye ule mweusi wa mfinyanzi tukachimba lingine, akasema haya linganisheni rangi. Juu pale penye weusi ndo kuna mabaki ya mizizi, majani na samadi vilivyooza, na zaidi ya nusu ya huo uozo ni kaboni, wataalamu kwenye mahesabu yao huwa wanatumia 58%. Sasa ukilima ukageuza udongo kila msimu alafu ukauacha uchi juani, vijidudu vinaula ule uozo harakaharaka na kaboni inarudi angani kama hewa ukaa, udongo unabaki mchanga mtupu unaokunywa mbolea ya dukani bila kushiba. Na alisema ukweli ambao wengine wanauficha, kwamba luseni yetu haiwezi kushika kaboni kama mbuga hata ufanyeje, maana kaboni inakaa vizuri ikiwa imeshikana na mfinyanzi. Hapo nilimheshimu sana huyu dada.

Wakafundisha kuacha mabua shambani badala ya kuyachoma, kupanda choroko katikati ya mahindi ili ardhi isikae wazi, mboji, miti ya kurutubisha udongo kama grilisidia mipakani. Swali likaja palepale, na kila Msukuma alikuwa nalo kichwani: mabua ni ya ng'ombe! Ukishavuna tu mifugo ya kijiji kizima inaingia, utamzuia nani? Vitabu vingi vinaruka hapa ila bibi shamba hakuruka, alisema mabua yakiliwa basi samadi irudi, na watu wengi wana kichuguu cha samadi nyuma ya zizi kinanyeshewa mvua mwaka hadi mwaka, hiyo ndo kaboni ya shamba lako imelala pale. Mimi nilianza na samadi ya zizini kabla ya kitu kingine chochote na kiukweli mahindi yangu ya luseni sasa yanavumilia jua la katikati ya msimu, jirani zangu wameona na wameanza kusomba na wao.

Kulikuwa na mzee mmoja darasani, bibi shamba alipogusia matuta ya kufunga, yale yanayozibwa katikati ili maji yasitiririke, mzee akasema baba yake alilazimishwa kuyalima enzi za mkoloni, asipolima faini. Ni kweli kabisa, ule mpango wa maendeleo wa Usukumani wa 1947 ulikuja na amri kibao za ardhi na watu waliuchukia. Matuta yenyewe yalikuwa ya maana, yanashika maji na udongo usiishie ziwani, ila ukimlazimisha mtu hata kitu kizuri kinanuka. Natamani wenye miradi wote wamsikilize yule mzee.

Ila siku ya malisho ndo ilinigusa zaidi. Hawakutuletea kitu kigeni, walianza na ngitili yetu wenyewe, lile eneo la majani unalolifunga masika ili ng'ombe wapate cha kula kiangazi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu, miti ilikuwa imefyekwa na ardhi imekauka, na hadi mradi unaisha 2004 maeneo yaliyofungwa yalikuwa yamepita hekta 300,000. Miti mingi hata haikupandwa, visiki na mizizi vilikuwa hai chini, vilihitaji kuachwa vipumue tu. Wafugaji wa Kwimba, Magu, Misungwi, hili ni la kwenu, kama babu alikuwa na ngitili na mmeigawa vipande jamani rudini mkae kikao.

Haya, sasa pesa, yaani ule mkataba wa kuuza kaboni inayoongezeka shambani kwako. Hapa wamenivunja moyo.

Darasani tulifundishwa kwamba kupima kaboni ni kuchukua udongo hadi sentimita 30, sehemu nyingi za shamba, na lazima upime pia uzito wa udongo kwa silinda ya chuma, kwa sababu asilimia peke yake haikuambii tani. Timu ya vipimo ilipokuja kwangu walikwangua juujuu sehemu chache, silinda sikuiona, wakaondoka. Alafu mkataba ni wa miaka 20, Kiingereza mwanzo mwisho, mgao wa mkulima unahesabiwa "baada ya gharama" na hizo gharama hazijaandikwa popote. Nikauliza, nikiligawa shamba kwa watoto inakuwaje? Asiye na hatimiliki ya kimila je? Wakasema watanijibu, hadi leo kimya. Sijasaini.

Na pigeni hesabu wenyewe. Tuseme hekta moja, kama heka mbili na nusu, imeongeza robo tani ya kaboni kwa mwaka, zidisha mara 3.67 ndo inakuwa hewa ukaa, hata tani moja haifiki. Toa mpimaji, mkaguzi, dalali, kinachobaki kwa mtu wa heka tatu ni kidogo sana. Wenzetu wa magharibi mwa Kenya, upande wa Kisumu na Kitale, walikuwa wa kwanza Afrika kupata hati za kaboni ya udongo, yaani vyeti vya kuuzia tani za hewa ukaa iliyohifadhiwa, mwaka 2014 kupitia shirika la Vi Agroforestry na mfuko wa Benki ya Dunia, na hata kule faida ya mkulima ilikuwa mavuno, pesa ya kaboni ilikuwa nyongeza ndogo. Tena udongo hauongezi kaboni milele, ukishatunzwa miongo kama miwili hivi unafikia kikomo chake, na ukirudia kuchoma na kutifua yote inapotea kwa muda mfupi.

Kwa hiyo nendeni mkasome, nasema kwa moyo wote, hasa kinamama maana darasani tuliwaona wachache na wao ndo wako shambani kila siku. Ila karatasi ya kusaini ipelekeni kwanza serikali ya kijiji, dai nakala ya Kiswahili, na ulizeni kama mradi umesajiliwa, maana tangu 2022 nchi ina kanuni za biashara ya kaboni na kuna kituo cha taifa pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro kinachoshughulika nayo. Mafunzo ni bure, unajigharamia nauli tu. Jitahidini muende kabla mvua za vuli hazijaanza ili samadi iwe shambani mapema.