Nimezungushwa majengo ya Sinclair Zanzibar kwa elfu arobaini: uzoefu wangu

Nianze na hela maana najua ndo kitu cha kwanza mtu atauliza. Elfu arobaini kwa kichwa bei ya mkaazi, masaa matatu kwa miguu, chupa moja ya maji. Mgeni wa nje bei yake inapanda. Jina la kampuni sitaji, kuna mambo mawili matatu nitawasema na sitaki kesi, hasa ukizingatia nusu saa nzima tulikuwa tumesimama mbele ya mahakama.

Mimi kazi yangu ni kukadiria gharama za ujenzi huku Dar. Zanzibar nimeenda mara nyingi ila ni yale yale, milango ya kuchonga, soko la karafuu, urojo, jioni nagombania siti kwenye boti. Safari hii wifi yangu akanirushia tangazo la WhatsApp, matembezi ya majengo ya mtu mmoja tu, Mwingereza anaitwa John Houston Sinclair. Nikasema huyu ni nani tena, miaka yote nimepita mbele ya kazi zake bila kujua zina mwenyewe. Nikalipa.

Kwa ambaye hamjui, na wala usione aibu hata mimi nilikuwa simjui, Sinclair alisomea uchoraji wa majengo kwao lakini Zanzibar alikuja kama ofisa wa serikali, mwishoni mwa karne ya 19. Yani mchana ni faili na barua, michoro ni kipaji cha pembeni ambacho serikali ilikigundua ikakitumia bure. Na walikuwa na shida ya majengo kweli. Waingereza wametangaza himaya 1890, Agosti 1896 meli zao zikalipiga mizinga kasri la Sultani kwenye ile vita ambayo haikufika hata saa moja, Sultani aliyewapinga akakimbia, wakamkalisha mwingine kwenye kiti ila maamuzi yanatoka kwa balozi wao. Sasa serikali ya namna hiyo inataka posta, inataka mahakama, inataka nyumba ya mkubwa wao. Unazijengaje kwenye mji wa Waarabu na Wahindi na Waswahili bila kuonekana ndo kwanza umeshuka melini jana?

Jibu la Sinclair ndo matembezi yenyewe. Aliivalisha serikali kanzu.

Tulianzia Shangani, pale posta ya zamani barabara ya Kenyatta. Muongozaji wetu ni mzee wa makamo, kofia ya viua, makubadhi, mwavuli mweusi hata kama hakuna mvua. Tulikuwa wanne, mimi, wifi na vijana wawili wa chuo. Shikamoo zikapita, akatuita wanangu kuanzia hapo mpaka mwisho. Posta hatukukaa sana, dakika kumi hivi, maana watalii wote pale wanaitafuta nyumba ya Freddie Mercury jirani na mapapasi, wale wanaowafuata watalii kuwauzia matembezi, wanavutana mashati, husikii kitu.

Vuga ndo utamu ulipo. Jengo lililojengwa kuwa Mahakama Kuu, lilikamilika 1908. Jamani nimeshalipita lile jengo kwenye bajaji sijui mara ngapi! Mzee akatusimamisha upande wa pili wa barabara chini ya mti akasema, "Hebu tizameni wanangu, mwanambia hii mahakama ama msikiti?" Na kweli, ukitizama juu kuna kuba, matao yamekaa kwa mpangilio wa Kiarabu, ukishusha macho unaona varanda ndefu na ngazi ya katikati inayokwambia hapa ni ofisi, panga mstari. Mtu wa 1908 aliyeletwa pale kwa kesi ya shamba la mikarafuu anaona sura anayoijua, halafu ndani anakuta sheria za watu wengine. Mimi hilo lilinikaa kichwani kuliko kuba lenyewe. Kijana mmoja wa chuo akasema ni unafiki, mzee akacheka akasema, "Unafiki wenye kivuli kizuri, mwanangu." Maana varanda zile zinafanya kazi, wakati sisi tunaungua kwenye lami watu wenye makabrasha wamekaa kivulini hawana habari na jua.

Tukasogea mbele kidogo, Ikulu. Hii aliichora mapema zaidi, 1903, makazi ya mkubwa wa Kiingereza. Simu mfukoni, mzee alituambia mapema hapa hakuna picha na alikuwa anakagua mikono yetu kama mwalimu wa zamu. Hapa ndo alitupa hadithi niliyoipenda kuliko zote: Sinclair kachora hiyo nyumba akiwa ofisa tu wa chini, kazi ya bosi. Miaka ikaenda, ikaja cheo cha Mkaazi wa Kiingereza, yani mwenye kauli ya mwisho visiwani, na 1922 cheo kikaangukia kwake mpaka 1924. Wifi akasema basi alikuwa anachora chumba chake mwenyewe bila kujua. Mimi kwa akili za kazi nikawa nawaza jingine, ni wachoraji wangapi wanaolazimika kulala chini ya paa walilolichora? Likivuja unamlaumu nani?

Kutoka hapo unashuka barabara ya Kaunda mpaka Mnazi Mmoja, na jambo moja mzee alilieleza vizuri sana. Mji Mkongwe nyumba zimebanana, kuta zinakaribia kugusana, baraza iko uchochoroni, kivuli unapewa na jirani. Majengo ya Sinclair yamesimama peke yake, yana bustani, yana nafasi pande zote, unayaona kutoka mbali. Nakshi kachukua kwa wenyeji ila ujirani hakuchukua. Hili ukishaambiwa huwezi kuacha kuliona tena, mimi kila jengo la serikali sasa naliangalia limejitenga kiasi gani.

Makumbusho ya Amani, Beit el Amani, ni ya 1925, kumbukumbu ya Vita Kuu ya Kwanza. Wengi tunasahau vita hiyo ilifika mpaka bandarini Zanzibar, Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale pale mbele ya mji. Jengo jeupe lina kuba kubwa katikati, watu wanalifananisha na Aya Sofia, ule msikiti maarufu wa Istanbul, mimi naona limezidisha kidogo. Kiukweli mahakama ina utulivu, hili linataka lisifiwe. Lakini wifi yangu ndo lilimshinda, kapiga picha mpaka chaji ikaisha. Ajabu ni kwamba lilipofunguliwa Sinclair mwenyewe keshaachia madaraka.

Mwisho Darajani, jengo la Bharmal, 1923, lile la Baraza la Manispaa, ambalo wengi tulikuwa tunalijua kama alama ya kushukia daladala tu. Lilijengwa kwa tajiri wa Kihindi, na hapo unaona matajiri nao walishaanza kuupenda mtindo wa serikali. Tulipita haraka, jua lilikuwa limetushinda.

Sasa malalamiko.

Moja, tangazo liliandika "tutaingia ndani ya majengo yote". Ikulu utaingiaje? Mahakama watu wako kwenye kesi zao, unaingia kufanya nini? Nje tu kote. Mzee hana kosa, aliona aibu hata kabla hatujauliza, aliyeandika tangazo ndo wa kuulizwa. Niliwatumia ujumbe ofisini kwao jioni ile, wakanijibu na kiemoji cha mikono iliyokunjwa, basi.

Mbili, na hii iliniuma zaidi, wametubandikia majengo yasiyohusika ili ratiba ionekane ndefu. Kwenye karatasi yao Dispensari ya Zamani kule Mizingani imeandikwa ni ya Sinclair. Si kweli hata kidogo, jiwe la msingi liliwekwa 1887, hela ya tajiri wa Kihindi Tharia Topan, kwa ajili ya jubilei ya Malkia Viktoria, Sinclair hajakanyaga hata kisiwa. Niliposema, mzee akanivuta pembeni, "Najua mwanangu, nimewambia mara tatu, karatasi wameshachapa nyingi." Nikabaki nacheka.

Tatu, muda. Saa nne asubuhi mpaka saa saba mchana, mwezi wa pili, Mnazi Mmoja uwanja wazi hauna mti wa maana. Nani alipanga hivyo?

Ila kuna kitu hakikuwepo kwenye tangazo na ndo kilinifanya nisidai hela yangu. Tukirudi kupitia vichochoroni mzee akasimama kwenye ukuta mbovu wa gofu moja, akatoa ufunguo mfukoni akakwaruza kidogo. Unga mweupe ukamwagika kiganjani, chokaa, chini yake jiwe la matumbawe lina vitundu kama mkate wa mofa. Akakwaruza pembeni palipozibwa kwa saruji, ufunguo ukateleza tu. Akaniambia gusa. Pale kwenye chokaa pakavu, pembezoni mwa saruji pana unyevu, mawe yanashindwa kupumua yanaoza kwa ndani. Mimi nimekadiria ukarabati wa nyumba kongwe mara mbili na mara zote nimeandika mifuko ya saruji bila kufikiri! Nililala na hiyo.

Tulimalizia kahawa Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, vikombe vidogo na kashata, hiyo alilipa mzee mwenyewe hakutaka kusikia.

Nyota nne, moja nimeikata kwa ajili ya ofisi yao si kwa mzee. Ukienda omba yeye, utamjua kwa mwavuli, na omba Jumapili asubuhi saa moja, mahakama imefungwa, hakuna magari mbele, picha ya lile kuba unaipata yote.